Mwendo wa Futi Thelathini

Jumamosi jioni, kazi za usafi zikiisha, wapitao karibu na bweni letu husikia kelele za watu wanaobishana. Wakichungulia, huona vijana sita wameinamia karatasi ya miraba, katikati pana kopo la majani ya chai lenye vikaratasi, na juu ya karatasi zimetawanywa punje za mahindi na maharage. Wengine hudhani tunacheza kamari. Mzazi mmoja, siku ya kutembelea wanafunzi, aliniuliza kama huo ni uganga. Si kamari wala si uganga, ni mchezo wa hadithi. Nimeona yafaa niueleze katika gazeti letu, ili wenye shaka waondokewe na shaka, na wenye hamu waje tucheze.

Sitaeleza mchezo wote, maana ni mrefu. Nitaeleza sehemu moja tu, nayo ni kanuni za mwendo, yaani mtu katika mchezo aweza kwenda umbali gani kwa muda gani. Nimeichagua sehemu hiyo kwa sababu ndiyo iliyotugombanisha muhula huu, na aliyekosa ni mimi.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huu waitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na watu wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Katika bao au drafti wachezaji hushindana, mmoja humfunga mwenzake. Hapa sivyo. Kila mchezaji ana mhusika wake, yaani mtu wa hadithi, ambaye sifa zake zimeandikwa katika karatasi: nguvu zake, wepesi wake, silaha zake na mwendo wake. Mtu mmoja huwa mwamuzi. Yeye husimulia mahali walipo wahusika na mambo yanayowakuta, nao wachezaji hujibu wahusika wao wanafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu, hutupwa dadu yenye pande 20.

Kanuni za msingi za mchezo huu ziliachiwa watu wote wazitumie bure mwezi wa Januari, mwaka 2023. Kaka yangu, asomaye Dar es Salaam, alizichapa akaniletea wakati wa likizo. Dadu ya pande 20 hatuna. Tumeandika namba 1 mpaka 20 katika vikaratasi, tukavitia ndani ya kopo, na kila atakaye kutupa dadu hutikisa kopo akachomoa kikaratasi kimoja. Wahusika wetu ni punje za mahindi, na adui ni maharage. Nchi za hadithi zilizomo kitabuni hatuzijui, basi tumetumia nchi yetu wenyewe: msitu wa mlima Rungwe, Ziwa Ngozi, mashamba ya chai, na lile Daraja la Mungu la jiwe lililo juu ya mto Kiwira.

Wahusika wanapokuwa katika amani hakuna ahesabuye hatua zao. Lakini vita vikianza, wakati hugawanywa katika mizunguko, na kila mzunguko ni sekunde 6. Katika mzunguko kila mmoja ana zamu yake, na katika zamu hiyo aweza kufanya mambo mawili: kwenda umbali usiozidi mwendo wake, na kufanya tendo moja, mathalani kupiga kwa upanga au kumnywesha mgonjwa dawa. Mwendo wa binadamu ni futi 30. Wako pia mbilikimo wa milimani, watu wafupi wa hadithi, ambao mwendo wao ni futi 25. Kwa kuwa sisi tumefundishwa mita, yafaa niseme kwamba futi moja ni sentimita 30.48, hivyo futi 30 ni mita 9 na sentimita 14. Kila mraba katika karatasi yetu ni futi 5, kadiri ya mita moja na nusu. Binadamu basi huenda miraba 6 kwa zamu.

Mpaka hapo mambo ni mepesi. Ugumu huanza njia inapokuwa mbaya.

UGOMVI WETU

Siku moja mimi nilikuwa mwamuzi. Wahusika walikuwa wanapigana karibu na Daraja la Mungu, baada ya mvua. Mhusika wa rafiki yangu mmoja alikuwa ameangushwa chini. Mwenziwe alikuwa amelala amejeruhiwa katika mraba wa tatu kutoka kwake, na zamu yake ikifika tena huenda angekufa. Kati yao palikuwa na miraba miwili: wa kwanza ulikuwa jiwe tupu, na wa pili ulikuwa matope. Rafiki yangu alitaka mhusika wake asimame, aende mpaka mraba wa pili, kisha amnyweshe majeruhi dawa.

Mimi nikapiga hesabu upesi. Nikasema, "Hapa ni matope, kwa hiyo mwendo wako ni nusu, yaani futi 15. Kusimama kunagharimu futi 15. Umebaki na sifuri. Hufiki."

Akasema, "Mraba wa kwanza ni jiwe. Jiwe si matope."

Wenzetu wakaanza kucheka na kupiga meza, nami nikapandwa na hasira kwa kuwa nilipingwa mbele ya watu. Nikasema, "Hata kama ni jiwe, mtu mwenye mguu kama wako angefikaje?"

Rafiki yangu huyo mguu wake mmoja ni mfupi tangu utoto, naye huchechemea. Niliposema vile, hakuna aliyecheka tena. Yeye hakujibu. Aliweka penseli chini, akakunja karatasi ya mhusika wake vizuri, akaenda kulala. Mhusika aliyejeruhiwa akafa. Jumamosi iliyofuata rafiki yangu hakuja kucheza, wala ile ya pili.

Ameniruhusu niandike habari hizi, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake.

MWENDO NI FEDHA, NJIA NI BEI

Jumapili nilikaa peke yangu nikazisoma upya zile kurasa, neno kwa neno, kama tunavyosoma swali la mtihani. Nikaona kwamba nilikuwa nimekosa hata katika hesabu, mbali na lile kosa kubwa la ulimi wangu.

Kitabu hakisemi kwamba matope hupunguza mwendo. Kinasema kwamba kila futi moja katika njia mbaya hugharimu futi moja zaidi. Tofauti yake yaweza kuonekana ndogo, lakini sivyo. Fikirini mama aendaye soko la Tukuyu na shilingi 3,000 mkononi. Akikuta bei ya ndizi imepanda mara mbili, je, fedha zake zimepungua? La, angali na shilingi 3,000. Ndizi atazinunua kwa bei ya juu, lakini akienda kwa muuza chumvi, ambaye bei yake haikupanda, atalipa bei ile ile ya jana. Mwendo ni kama fedha za mama yule, na njia ni kama bei. Kila zamu mhusika hupewa futi 30 za kutumia. Mahali pakavu mraba mmoja ni futi 5. Mahali pa matope, vichaka au mawe yaliyobomoka, mraba ule ule ni futi 10. Kutambaa nako huongeza futi moja kwa kila futi, na kupanda ukuta vivyo hivyo, na kuogelea vivyo hivyo. Mtu akitambaa katika matope, gharama zote mbili hujumlishwa, kila futi ikawa futi 3. Kuinuka baada ya kuanguka hugharimu nusu ya mwendo. Kuanguka kwenyewe hakugharimu kitu.

Sasa tuihesabu upya zamu ya rafiki yangu. Kusimama, futi 15. Mraba wa jiwe, futi 5. Mraba wa matope, futi 10. Jumla yake ni futi 30 kamili. Angefika akiwa ametumia mwendo wake wote pasipo kubakiza hata inchi moja, na tendo lake angali nalo, akamnywesha mwenziwe dawa. Yule mhusika aliuawa na hesabu yangu mbaya.

Tena hesabu yangu ilijipinga yenyewe. Yako mambo katika mchezo yanayopunguza mwendo kwelikweli. Mhusika akichoka mpaka daraja ya pili ya uchovu, mwendo wake huwa nusu. Huyo ana futi 15 tu. Lakini huyo akianguka, kusimama kutamgharimu nusu ya futi 15, yaani 7, kwa maana kitabu kinaagiza kwamba sehemu ya futi iachwe. Mimi nilimpa rafiki yangu fedha za mtu aliyechoka, nikamtoza bei ya mtu mzima wa afya. Hakuna muuzaji afanyaye hivyo pasipo kuitwa mwizi.

Jumapili hiyo hiyo nilimwendea kitandani kwake nikamwomba radhi. Akasema, "Nimesikia." Hakusema zaidi.

TULIVYOKWENDA KUPIMA

Jumamosi ya tatu tuliomba ruhusa, na mwalimu wetu wa hisabati akatupa utepe wa kupimia na saa. Tulitaka kujua kama kanuni zile zina ukweli wowote kwa miguu ya watu. Tulipima mita 9 na sentimita 14 katika uwanja mkavu, tukatembea mmoja mmoja. Wengi wetu tulimaliza kwa sekunde 6 hivi, bila kukimbia. Huo ni mwendo wa kilomita 5 na nusu kwa saa, kama mtu aliyesikia kengele ya chakula lakini hataki kuonekana ana njaa. Kisha tukaenda kwenye mteremko wenye utelezi, penye udongo uliolowa mvua ya usiku. Hapo tulitumia karibu mara mbili ya muda ule, na mmoja wetu alirudi bwenini na suruali ya rangi nyingine. Kwa hiyo kanuni ya kuzidisha bei mara mbili si ya ajabu hata kidogo kwa mtu wa Rungwe, ambako mvua haikawii kurudi.

Tulipokuwa tunaandika, tulimwona rafiki yetu amesimama kando ya uwanja. Sikujua amefika saa ngapi. Akaniomba saa nimpe mwingine, akasimama kwenye mstari, akatembea. Ilikuwa sekunde 9. Akachukua daftari akaandika mwenyewe: futi 30 kwa sekunde 9 ni futi 20 kwa sekunde 6. Kisha akasema, "Mimi ni 20. Mhusika wangu ni 30. Msituchanganye tena."

Katika yote niliyosoma juu ya kanuni za mwendo, sikuona maneno yaliyozieleza vizuri kuliko hayo. Namba iliyoandikwa katika karatasi ni ya mhusika. Haikutoka katika miguu ya mchezaji. Mimi, nisiyeweza kuimba, naweza kuwa na mhusika mwimbaji mashuhuri, wala hakuna ataniambia niimbe kwanza. Yeye naye, mhusika wake anakwenda futi 30 kama binadamu wote wa kitabu hicho. Mwamuzi hana ruhusa ya kutazama chini ya meza.

SEKUNDE SITA ZA AINA GANI?

Mwenzetu mmoja, mpenda riadha, alipinga. Alisema, "Futi 30 ni chache mno. Watu hukimbia." Ni kweli kwamba mhusika aweza kutumia tendo lake kukimbia, naye hupata futi 30 nyingine, zikawa 60. Lakini hata hizo ni chache. Mwaka 1974, mwaka ule ule mchezo huu ulipotolewa, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 mjini Christchurch, New Zealand, akaweka rekodi ya dunia. Ukigawanya, utaona kwamba kila sekunde 6 alikwenda zaidi ya mita 42, yaani futi 139 hivi. Shujaa wa mchezo akikimbia kwa nguvu zake zote hafiki hata nusu ya umbali huo.

Je, kitabu kimekosea? Nadhani hakikukosea, ila tunakiuliza swali lisilo lake. Bayi alikuwa katika uwanja uliosawazishwa, hakubeba ngao, wala hapakuwa na mtu wa kumpiga rungu njiani. Futi 30 ni mwendo wa mtu aliye vitani, mwenye mzigo, anayetazama huku na huku, ambaye katika sekunde zile zile 6 anafanya na tendo jingine.

Tena sekunde 6 si za saa ya ukutani. Wachezaji wa ng'ambo wana mfano mmoja wanaoupenda wa kuonyesha jambo hili, nami nitausimulia kwa mavazi ya kwetu. Wapangeni watu 2,000 mstari mmoja, kila mmoja futi 5 kutoka kwa mwenzake, na kila mmoja awe tayari kupokea kikapu cha majani ya chai na kumpa wa pili. Kwa kuwa zamu zote za mzunguko hutokea ndani ya sekunde 6, kikapu kitapita futi 10,000, yaani kilomita 3 hivi, kwa sekunde 6. Huo ni mwendo wa mita 508 kwa sekunde, na sauti yenyewe hewani huenda mita 340 tu. Kikapu cha chai kingefika kiwandani kabla ya kelele za aliyekituma! Kwa herufi za kanuni jambo hilo laonekana linawezekana, lakini kwa akili ni upuuzi. Zamu zimewekwa ili watu sita wasiseme kwa pamoja, kila mmoja apate nafasi yake sawa na mwenziwe. Anayezitumia kurusha vikapu amezichukua kanuni za ugawaji akazifanya kanuni za fizikia.

Katika bao hatuna taabu hii. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila kete huenda shimo kwa shimo, wala sijasikia mzee akiuliza kete huenda maili ngapi kwa saa. Sote tunaelewa kwamba mwendo wa kete ni mapatano. Mchezo wa hadithi hutudanganya kwa sababu unataja futi na sekunde, nasi tukisikia futi na sekunde twadhani tuko darasani.

NJIA YA MSHAZARI

Mapatano hayo yaonekana wazi kabisa katika miraba. Kanuni ya msingi yasema kwamba kuingia mraba wowote hugharimu futi 5, hata ukiingia kwa mshazari, yaani kona kwa kona kama kete ya drafti. Lakini wanafunzi wa hisabati wanajua kanuni ya Pythagoras. Mraba wenye upande wa futi 5 una mshazari wa futi 7.07. Kwa hiyo mhusika aendaye miraba 6 kwa mshazari ametembea futi 42 na zaidi kwa bei ya futi 30. Amepata futi 12 za bure kwa kupinda tu.

Iko kanuni nyingine ya hiari. Mshazari wa kwanza uhesabiwe futi 5, wa pili futi 10, wa tatu 5, wa nne 10, na kuendelea hivyo. Wastani wake ni futi 7 na nusu, karibu sana na hesabu ya Pythagoras. Kwa kanuni hiyo futi 30 hutosha miraba 4 tu ya mshazari. Ipi ni bora? Ya kwanza ni nyepesi na ya pili ni ya kweli zaidi. Sisi tumechagua ya pili, kwa kuwa tunapenda hesabu. Lakini jambo kubwa ni kwamba tulichagua kabla ya kuanza kucheza. Kuibadili katikati ya vita, wakati mtu amekwisha kuinua punje yake ya mahindi, ni dhuluma, hata kama Pythagoras mwenyewe yuko upande wako.

SAFARI YA SIKU NZIMA

Vita vikiisha wahusika husafiri, na hapo kitabu huacha sekunde na kuhesabu saa na siku. Mwendo wa kawaida ni futi 300 kwa dakika, maili 3 kwa saa, na maili 24 kwa siku ya saa 8. Mwendo wa haraka ni maili 4 kwa saa na maili 30 kwa siku, lakini aendaye haraka haoni vizuri yaliyo njiani. Mwendo wa pole ni maili 2 kwa saa na maili 18 kwa siku, na aendaye pole aweza kunyata asionekane.

Msomaji mwenye kalamu ataona kitu. Futi 300 kwa dakika ni futi 18,000 kwa saa, na maili moja ni futi 5,280, hivyo jibu ni maili 3.4, si 3. Tena maili 4 mara saa 8 ni 32, si 30, na maili 2 mara saa 8 ni 16, si 18. Namba hizi zimekatwakatwa ziwe rahisi kukumbuka. Nilipoonyesha jambo hilo, mmoja wetu alisema kitabu kitupwe. Lakini kutoka hapa Tukuyu mpaka Mbeya ni karibu kilomita 70, yaani maili 43 na nusu. Kwa kitabu ni safari ya siku mbili za mwendo wa kawaida barabarani. Maili moja zaidi au pungufu haitaibadili hadithi.

Kinachoibadili ni mzigo, mlima na mvua. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, waliobeba ratili 60 au 70 kutoka pwani mpaka bara, mara nyingi walikwenda maili 10 hadi 15 kwa siku, si 24. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliyependa kupanda milima, alitoa kanuni ambayo watembea milimani huitumia hata leo: hesabu saa 1 kwa kila maili 3, kisha ongeza saa 1 kwa kila futi 2,000 za kupanda. Mlima wetu Rungwe una kimo cha mita 2,961. Mtu akipanda mita 1,000 tu za mlima huo, Naismith humwongezea saa 1 na dakika 38, mbali na muda wa kutembea. Kitabu cha mchezo husema kwa ufupi kwamba katika njia mbaya umbali wa siku huwa nusu. Na atakayejilazimisha kwenda zaidi ya saa 8 hujaribiwa kwa dadu kila saa. Akishindwa hupata daraja moja ya uchovu. Daraja ya pili, mwendo nusu. Ya tano, mwendo sifuri. Ya sita ni kufa.

Wazee wetu waliyajua haya pasipo kitabu. Muulize mama auzaye ndizi ni maili ngapi toka kijijini kwake mpaka sokoni. Hatakutajia maili. Atakuuliza kwanza, "Una mzigo? Mvua imenyesha?" Akishajibiwa ndipo atakuambia utafika saa ngapi, nawe utafika saa hiyo. Yeye anahesabu bei ya njia, kama inavyopasa.

TULIYOPATANA

Baada ya hayo yote tumeandika mapatano manne, tukayabandika ndani ya kifuniko cha kopo.

La kwanza, kanuni isomwe kama ilivyoandikwa kabla ya mtu kusema aonavyo yeye. Kanuni ya jambo maalumu ishinde kanuni ya mambo yote.

La pili, mwendo usiguswe ila pale kitabu kisemapo kwamba umepungua. Mahali pengine pote ihesabiwe bei ya kila mraba, mmoja mmoja, kwa sauti, watu wote wasikie.

La tatu, mwamuzi akiona kanuni inaleta upuuzi, kama kile kikapu cha chai, aweza kuikataa. Lakini aseme kabla mchezaji hajatumia zamu yake, na hukumu hiyo iwafunge adui pia.

La nne liliandikwa na rafiki yangu kwa mkono wake: karatasi ihesabiwe, mtu asihesabiwe.

Watu wengine watasema kwamba kurasa nyingi namna hii kwa ajili ya punje za mahindi ni kupoteza karatasi ya shule. Mimi nimejifunza jambo moja. Mwamuzi ana madaraka makubwa kuliko anavyodhani, hata akiwa mwamuzi wa kopo la chai. Akikosa hesabu, mhusika hufa, na mhusika mwingine huandikwa kesho. Akikosa maneno, anayeumia ni mtu wa kweli, naye hana karatasi nyingine.

Muhula ujao rafiki yangu ndiye atakayekuwa mwamuzi. Wote tumemchagua. Mimi nimeandika mhusika mpya, mbilikimo wa milimani, mwendo wake futi 25, na nimejizoeza kuhesabu polepole.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne